Ladha ya Chupa ya Uzima

Kosa langu la kijinga kuliko yote nililifanya nikiwa na miaka kama kumi, na nililifanya kwa akili zangu zote, tena nikiwa na ushahidi. Niliamua kwamba klore, ile ya kuua vijidudu vya maji, inaua dawa. Kwa uamuzi huo nikampita yule dada aliyekaa ufukweni na bomba lake la sindano akiitia kwenye bidoni, yale madumu ya maji ya watu, nikamdanganya kwamba naenda kuosha sufuria, nikachota maji ya ziwa Tanganyika jinsi yalivyo, nikayatengenezea dawa nyekundu na kumnywesha rafiki yangu. Watu wengine wa umri wangu wanaukumbuka utoto wao kwa maembe waliyoiba. Mimi nakumbuka hilo.

Wiki hii limenirudia kwa sababu ya harufu. Robine ya parseli yetu, bomba la maji la kiwanja chetu hapa Nyamianda mjini Uvira, ilikuwa kavu kwa muda, hadi buibui akajenga mdomoni mwake. Siku ya Jumatatu ikakohoa, ikatema kutu, kisha ikatoa maji yanayonuka klore kali kiasi kwamba majirani wakaanza kulalamika kuwa chai imepata ladha ya hospitali. Mimi niliinama juu ya ndoo nikavuta pumzi kama mtu anayenusa mkate. Si ajabu kwao, wamekwisha kunizoea. Ndugu zangu husema nimeolewa na nyumba, na kwamba nikitaka kufika barabara kubwa lazima nitafutiwe kiongozi. Kavimvira, penye mpaka, ni mwendo mfupi tu wa pikipiki, na kuna miaka inapita sijaiona. Lakini kwenye robine nafika, na ni kwenye robine ndiko mambo haya yalikoishia, kwa hiyo nisikimbilie.

Likizo ile ndefu ya kiangazi alikuja kwetu binamu yangu Safari kutoka Bujumbura. Alikuwa na miaka kumi na minne, sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka, na katika mfuko wake mlikuwa na daftari moja aliloliheshimu kuliko nguo zake. Alikuwa amenakili humo, kwa mkono, kanuni za mchezo alioucheza huko kwa rafiki yake, mtoto wa watu wenye vitabu. Mchezo wenyewe haukuwa na ubao. Kila mtu anakuwa mtu mwingine: unajichagulia jina, kazi na silaha, na nguvu zako zinaandikwa kwenye karatasi kwa tarakimu. Safari anasimulia kilicho mbele yako, pango, mto, mnyama. Wewe unasema unafanya nini. Halafu unarusha dadu, ambayo tuliazima kwenye ludo ya nyumbani, na dadu inaamua kama umefaulu au umeumia. Ukiumia nguvu zinapungua. Zikifika sifuri umekufa, na Safari anapiga mstari juu ya jina lako kwa rula. Kwa rula ile hakuwa na huruma. Alinyoosha mstari polepole, akapuliza karatasi, akageuza ukurasa.

Tulicheza watatu, nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta uliotutenganisha na kina Mwajuma. Mwajuma alikuwa rika langu na alikaa upande wa pili wa ukuta huo. Kwao ni wale Waislamu wa Uvira ambao babu zao waliletwa na biashara ya ziwani; mama yake aliuza vitenge, baba yake alikuwa mtu wa kuvukavuka mpaka na bidhaa, leo yuko, kesho hayuko. Ukuta ulikosa tofali moja, na kwenye tundu hilo tulipitisha kila kitu: mihogo, daftari, na maneno ambayo hayakupaswa kufika kwa wakubwa. Katika mchezo Mwajuma alikuwa shujaa mwenye mapanga mawili, aliyeingia katika kila pango kabla Safari hajamaliza kulieleza. Mimi nilichagua kuwa mlinda mlango. Safari alinieleza kwa uvumilivu kwamba mchezo ni wa kusafiri. Nikamjibu kwamba lazima kuna mtu abaki na mizigo. Unaona mwenyewe kwamba sijabadilika.

Katika daftari lile kulikuwa na mstari mmoja ulionishika kuliko majoka yote: "Chupa ya uzima. Ukinywa, nguvu kumi zinarudi." Hakuna kingine. Pembeni Safari alikuwa amechora kichupa chenye tumbo la duara na shingo nyembamba, akakipaka kalamu nyekundu, ile ambayo walimu hutusahihishia makosa. Mwajuma alikunywa chupa hiyo kila siku, wakati mwingine mara tatu kabla ya chakula cha mchana, kwa namna alivyopenda kuumia. Mimi nikaanza kusumbuliwa na swali moja tu. Ina ladha gani? Watu wanajitupia mdomoni kitu kinachorudisha uhai, wanafuta midomo, wanaendelea kupigana, na hakuna hata mmoja aliyesema kama ni tamu.

Mwenyewe nilikuwa na jibu, na nililitengeneza kwa siku nyingi nikiwa nimelala chali kwenye mkeka. Rangi yake ni ya mafuta ya mawese ndani ya chupa juani, pale unapoona jua limekwama katikati. Lakini haina uzito wa mawese. Ina mapovu ya sukre, ile soda tuliyonunuliwa siku ya Noeli, na ladha ya funda la kwanza kabla haijakuuma puani. Ukiondoa kizibo inapumua. Halafu haishuki tumboni kama vinywaji vya kawaida. Ikifika kooni inajigawa, inaenda yenyewe palipoumia, kama maji yanavyotafuta mahali pa chini, kiasi kwamba ukiwa umekatwa kidole, ni kidole kinachosikia utamu.

Safari alilicheka jibu hilo hadi akakaa chini. Kwa maoni yake chupa ya uzima ina ladha ya chuma, kama kulamba kengele ya baiskeli, kwa sababu inarudisha damu na damu ndiyo ladha yake. Dawa tamu haiponyi, alisema, kwa sauti ya mtu aliyemeza kwinini nyingi maishani.

Mwajuma alitusikiliza wote wawili kwa huruma. Yeye alikuwa amewahi kuinywa. Alituambia kwamba alipokuwa na homa kali, bibi yake alimwita mwalimu wa madrasa, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wakazisuuza kwa maji yenye marashi ya waridi, yeye akanywa. Wanaiita kombe. Nilimuuliza rangi. Akasema ni kama jua likiwa linataka kuzama upande wa milima, njano inayoelekea kwenye nyekundu. Nikamuuliza ladha, akafikiri sana, akasema:

"Kwanza maua. Nyuma yake sahani. Nyuma ya sahani iko maneno."

Sikulala vizuri kwa wivu. Sisi nyumbani tulikuwa Wakatoliki na tulichokuwa nacho ni maji ya baraka kwenye kichupa cha mama, nyuma ya picha. Kesho yake nilikionja kwa siri. Kilikuwa na ladha ya kichupa.

Ni Mwajuma aliyesema tuitengeneze, na ni mimi niliyejipa kazi ya upishi, kwa sababu ni kazi ya nyumbani. Wekundu tulikuwa nao: mama alikausha maua ya ngai-ngai, yale mekundu machachu, kwenye ungo juu ya bati. Sukari nilichukua bila kuomba. Kilichobaki ni maji. Wakati ule robine za mtaa mzima zilikuwa zimekauka, kila nyumba ilichota ziwani, na kolera, yaani kipindupindu, ilikuwa mjini. Kwetu kolera hutajwa kama mvua: imeanza, imepungua, imerudi tena. Ndiyo maana yule dada alikaa pale ufukweni kila siku tangu asubuhi, chini ya kipande cha turubai, glovu mkononi. Unaleta bidoni, anavuta klore kidogo kwa bomba la sindano, anaitia, anakuambia ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Sijawahi kumwona aliyengoja nusu saa. Alikuwa mcheshi, alitujua watoto wote kwa bidoni zetu, na mimi aliniita "bidoni isiyo na kifuniko", kwa sababu ya kuongea kwangu.

Dawa ya kwanza niliitengeneza kwa maji yake. Nililoweka ngai-ngai kwenye chupa safi, nikatia sukari, nikatikisa, nikangoja kuona mawese yenye jua. Badala yake rangi iliyeyuka kidogo kidogo ikawa ya zambarau chafu, kama jicho la mtu aliyepigwa juzi. Nikainusa. Klore. Basi nikaelewa, au nilijiona nimeelewa: klore imepigana na wekundu na imeshinda. Nilikuwa nimesikia wakubwa wakisema kwamba klore inaharibu maharage, hayaivi, na kwamba chai yake hainyweki. Kama inaua chai, vipi isiue dawa? Nilimweleza Mwajuma kupitia tundu la ukuta, na akakubali mara moja. Hakuna kitu kinachoaminiwa haraka kama ujinga uliopangwa vizuri.

Kesho yake tulimpita dada wa klore. Nilimwonyesha sufuria, nikamwambia ni ya kuosha. Akasema leo bidoni isiyo na kifuniko imekuwa mtoto mzuri. Tulienda mbali kidogo, kupita mahali wanawake walipofulia, hadi kwenye maji yaliyoonekana angavu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu mawe chini. Nilichagua maji hayo kwa uangalifu mkubwa. Nasema hivyo ili ujue kwamba sikuwa mzembe. Nilijaza chupa, nikaishika juu, nikaona milima imepinduka ndani yake, nikaridhika.

Tukaloweka upya, nyuma ya ukuta. Mara hii Mwajuma alikuja na ndimu, kwa sababu mama yake alitia ndimu katika kila kitu, na akaikamua humo kabla sijamkataza. Na pale pale, mbele ya macho yetu, kile kinywaji kilichokuwa kimeanza kuwa zambarau kikawaka. Sijui neno jingine. Kikawa chekundu kama kalamu ya Safari, kikaangaza, kikawa kitu ambacho hakikutoka Nyamianda. Mwajuma akanitazama, mimi nikamtazama. Nikasema kwa sauti ya mwalimu wa darasa kwamba mnaona sasa, ni klore.

Mchana huo Safari alitupeleka kwenye mto Ruzizi, ule wa kwenye daftari, ambako kiboko mwenye taji alilinda kivuko. Mwajuma aliruka kwanza, kama kawaida yake. Dadu ikamkataa mara mbili. Nguvu zake zikabaki tatu, na Safari akaanza kuitafuta rula kwa macho. Ndipo nilipoitoa chupa kutoka nyuma ya tofali. Safari aliisahau rula, naamini hata yeye alifikiri imetoka katika daftari lake. Alikataa kuonja, akisema msimulizi hanywi, na kwa hilo hadi leo anaomba asikumbushwe. Mwajuma alikunywa kikombe kizima bila kupumua. Mimi nilikunywa kilichobaki, kisichofika nusu, maana mlinda mlango hakuwa ameumia.

Ladha yake naikumbuka. Uchachu mbele, unaovuta mashavu ndani. Kisha sukari. Kisha, nyuma kabisa, ubaridi kidogo kama wa jiwe lililotolewa majini, na harufu ndogo ya samaki niliyojifanya siisikii. Mwajuma alijipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, kama mashujaa.

"Kidole yangu imesikia," akasema.

Safari akaandika kumi na tatu. Kiboko alikufa jioni hiyo.

Siku ya pili yake, asubuhi, niliamka nikiwa namwagika. Sitalieleza zaidi, waliougua wanajua na wasiougua wabaki hivyo hivyo. Mama yangu hakuuliza swali hata moja. Alinifunga mgongoni kwa kitenge, mtoto mkubwa wa miaka kumi, akasimamisha pikipiki, na kabla jua halijapanda tulikuwa kwenye mahema ya kolera. Mlangoni tulikanyaga kapeti iliyolowa klore. Mikono ikamwagiwa klore. Kitanda, chenye tundu katikati na ndoo chini yake, kilinuka klore. Hata kikombe. Nililala pale ulimi umekauka kama gome, na katika akili iliyobaki nikafikiri jambo moja: hapa hakuna dawa itakayopona.

Walinipa seromu, ile ya kunywa ya chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe. Nilitazama ndani. Haikuwa na rangi yoyote. Ilikuwa na ladha ya machozi yaliyotiwa sukari na mtu asiyejua kupika. Mkononi wakanichoma mpira uliotoka kwenye mfuko wa plastiki ulioning'inia, nao ulikuwa mweupe tupu, na matone yake yalianguka moja moja bila haraka. Nikaelewa kila kitu. Mfuko ule ulikuwa mwekundu zamani. Klore imeutoa rangi. Nilimwonea huruma muuguzi, mama mmoja mnene mwenye buti za plastiki, kwa sababu alitugawia dawa zilizokwisha kufa na hakuna aliyemwambia.

Mwajuma aliletwa siku hiyo hiyo, lakini jua lilikuwa limekwisha kushuka. Baadaye nilisikia kwamba kwao kulikuwa na kungoja: baba yake alikuwa Kavimvira, na mama yake alimpa maji ya mchele, akasema atulie kidogo, baba anafika sasa hivi. Walimlaza kitanda cha jirani. Kama si mama yake aliyeketi pembeni nisingemjua. Macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mwanamke aliyefua siku nzima, na sauti yake, sauti iliyokuwa ikiingia mapangoni kabla ya mwili, imebaki hewa tu. Walimtafuta mshipa kwenye mkono huu, kwenye mkono ule, kwenye mguu. Mama yake alimshikia kikombe cha seromu mdomoni na yeye akageuza uso.

"Hii iko maji tu," akasema, akinitazama mimi.

Nilimwambia, kwa sauti ndogo ili muuguzi asione aibu, kwamba ilikuwa nyekundu. Kwamba klore ndiyo imeitoa rangi, lakini ladha yake imebaki, aitafute nyuma.

"Ilikuwa nyekundu ya kweli?"

"Ya kweli. Kunywa."

Akanywa. Akatapika, akanywa tena. Alinitii kwa vikombe vingi, akifumba macho, akitafuta nyuma ya chumvi yale maua, ile sahani, yale maneno. Nililala nikimtazama, na nilipoamka asubuhi bado alikuwa akitazama juu kwenye turubai la hema, na mama yake amemshika miguu yote miwili kana kwamba anazuia mtu asiondoke. Muuguzi mwenye buti akaja. Alimgusa shingoni, akangoja, akamgusa tena. Kisha akainua mkono akafunga kile kigurudumu kidogo kwenye mpira, na matone yakasimama. Lilibaki moja likining'inia, halikuanguka.

Nilijua kinachofuata. Nilingoja mtu alete rula.

Hawakuruhusiwa kumpeleka nyumbani. Bibi yake alifika na chupa ya marashi ya waridi na hakuruhusiwa kumwosha kama alivyotaka. Walimpulizia klore, wakamfunga, wakazika siku hiyo hiyo, watu wachache, kwa haraka. Mimi nilitoka baada ya siku nne nikiwa na miguu ya ndama. Safari alikuwa amekwisha kurudi Bujumbura. Mama aliniambia kwamba kabla ya kuondoka alikwenda kwenye daraja la mto Kalimabenge akachana daftari ukurasa kwa ukurasa, na kwamba yeye mama alishindwa kujua mtoto mkubwa vile analilia nini kwenye karatasi. Tundu la ukuta lilizibwa. Sijui ni upande upi uliweka tofali. Nilikuta tu limekwisha kuwekwa, na udongo bado mbichi.

Sikumwambia mtu kuhusu ile chupa. Nilijiambia kwamba, hata hivyo, dawa yangu ilikuwa nzuri. Ilikuwa nyekundu, haikuwa na klore, ilimrudishia kumi. Kilichomuua ni ile isiyo na rangi, ya kwenye mahema. Niliishi na maelezo hayo miaka mingi na yalinitosha kuendelea kula na kusoma.

Yalivunjika nikiwa mwaka wa nne wa sekondari. Mwalimu wetu wa kemia hakuwa na vifaa, alikuwa na akili. Siku moja alikuja na chupa ya maji ya ngai-ngai na glasi mbili. Katika glasi moja akatia maji ya ziwa yaliyochotwa asubuhi hiyo, na ngai-ngai ikawa zambarau chafu. Akatueleza kwamba ziwa letu lina magadi yake ya asili na ndiyo yanayobadili rangi. Kisha akachukua ndimu, akakamua humo humo, na glasi ikawaka nyekundu. Darasa likapiga makofi. Nilinyoosha mkono. Nikamuuliza, na klore, mwalimu?

Akashangaa kidogo. "Klore gani? Humu hakuna klore."

Nilitoka darasani bila ruhusa nikaketi chini ya dirisha. Ndimu. Ilikuwa ndimu tangu mwanzo. Klore niliisingizia, na kwa kesi hiyo ya uongo nikampita yule dada na glovu yake, nikachagua kwa macho yangu mwenyewe maji angavu yaliyojaa kifo, na nikamwekea Mwajuma kikombe kizima. Nilihitimu mwaka wa sita, kwa jinsi nilivyohitimu, na baada ya hapo nikarudi nyumbani nikakaa. Watu hutania kwamba naogopa jua. Ninapenda utani huo. Unaniokoa kusema kwamba sipendi kukutana na mama yake njiani.

Lakini robine ni moja kwa parseli zetu mbili. Mama Mwajuma sasa ni mtu mzima sana, anatembea amejishika kiuno, vitenge aliviacha, mumewe amekwisha kufariki. Bado anaitwa kwa jina la yule mtoto ingawa alizaa wengine watatu baadaye. Jumatatu hiyo, majirani wote walipokuwa wakilalamika kuhusu harufu, nilitambua kwamba ni wawili tu tusiolalamika. Alipanga bidoni zake zote kwenye mstari, hata zile zilizopasuka mdomo, akaketi kwenye kigoda kungoja zamu, na aliponiona nimeinamia ndoo nikinusa, akauliza kama nimekuwa paka.

Sijui kwa nini nilisema siku hiyo. Labda harufu. Nilifungua robine nikaweka bidoni yangu chini yake, na nikiwa nimempa mgongo nikamwambia yote: mchezo, kichupa, ngai-ngai, dada wa klore niliyemdanganya, kikombe kizima. Nilimwambia kwamba mtoto wake alikufa kwa mkono wangu na kwamba nimekaa na jambo hilo upande huu wa ukuta wake muda wote huu. Bidoni ilijaa nilipofika kwenye habari ya ndimu. Ilipofurika niliacha hivyo hivyo, maji yakanipita vidoleni, sikuthubutu kugeuka.

Nilisikia kigoda chake kikisogezwa. Kisha akasema, na ninaandika kama alivyosema:

"Weye ulimupatia kikombe moja. Minye mama yake njo nilikuwa namupatia maji ya ziwa kila siku, bila klore, juu ya baba yake hakupendaka chai yenye kunuka. Na ile siku minye njo nilingojea huyo baba yake mpaka jua ikashuka, wakati mama yako alisha kimbia na weye asubuhi. Miaka yote uko unajifungia mu nyumba juu ya kikombe moja. Mwajuma ni mutoto yangu, na kifo yake iko yangu, usininyang'anye. Funga robine, maji inamwangika."